SOMO LA MWEZI: BINTI ALIYEREJEA KWAO

Someni kwanza: Hesabu 27:1-11

Ndugu wasomaji, habari ya wale binti watano wa Selofehadi tunaijua sote. Baba yao alifariki bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi ya siku zile fungu lake la ardhi lilikuwa liende kwa wengine. Mabinti hao hawakunung'unika jikoni. Walikwenda wakasimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakaeleza shida yao waziwazi. Musa hakuwafukuza, aliipeleka shida yao mbele za Mungu, na sheria ikarekebishwa.

Mwezi huu twataka kutazama habari iliyo karibu na wakati wetu, inayofanana na hiyo. Ni ya mama mmoja wa nchi ya Kanada, Sandra Lovelace.

Sheria ilivyokuwa

Sandra ni wa kabila la Maliseet, wenyeji wa asili wa Tobique katika jimbo la New Brunswick. Watu wake walikaa nchi ile kabla wazungu hawajafika. Serikali ya Kanada iliwatungia wenyeji sheria iitwayo Sheria ya Wahindi. Hilo ni jina walilopewa na wazungu, maana hao si watu wa Bara Hindi. Kwa sheria hiyo majina ya wenyeji huandikwa katika daftari ya serikali, na wakati ule aliyeandikwa ndiye aliyekuwa na haki ya kukaa katika ardhi iliyotengwa kwa kabila lake.

Kifungu kimoja kilisema kwamba mwanamke akiolewa na mtu asiye mwenyeji, jina lake lifutwe. Lakini kaka yake akioa mzungu, jina halikufutwa. Tena mkewe mzungu aliandikwa daftarini. Basi angalieni: mgeni aliyekuja jana alihesabiwa mwenyeji, na binti aliyezaliwa pale pale alihesabiwa mgeni. Aliyefutwa hakuweza kurithi nyumba ya wazazi wake, na hata kaburi kando ya wazee wake hakuwa na haki nalo. Mume akifa, au ndoa ikivunjika, jina halikurudi.

Sandra aliolewa mwaka 1970 na mtu asiye mwenyeji. Ndoa ilipovunjika alirudi Tobique kwa wazazi wake. Alifika kwao, lakini kwa sheria hakuwa na kwao.

Njia waliyoipita

Wenzake walikuwa wamekwisha kujaribu mahakama. Mwaka 1973 Jeannette Corbiere Lavell na Yvonne Bédard walifika Mahakama ya Juu ya Kanada. Majaji 5 waliwakatalia, 4 wakawa upande wao. Mlango wa nyumbani ukafungwa.

Lakini mwaka 1976 Kanada ilikuwa imejifunga kwa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, pamoja na itifaki yake inayomruhusu mtu mmoja mmoja kupeleka malalamiko mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Sharti ni kwamba kwanza amalize njia zote za nchini mwake. Tarehe 29 Desemba 1977 Sandra akapeleka malalamiko yake. Kamati iliona kwamba baada ya hukumu ya 1973 hakuna faida kumwambia aanze tena mahakamani kwao.

Haikuwa kazi rahisi, kwani upinzani mwingine ulitoka nyumbani. Wakuu wengi wa wenyeji waliwapinga akina mama hao. Tusiwahukumu haraka: ardhi yao ilikuwa imebaki kidogo, nao waliogopa kwamba waume wa kigeni watakuja kuimaliza, na kwamba serikali itapata nafasi ya kuingilia mambo yao yote. Hofu ile ilikuwa na sababu, lakini mzigo wake walibebeshwa wanawake peke yao. Mwaka 1979 akina mama wa Tobique, pamoja na wenzao na watoto, walitembea kwa miguu kutoka Oka mpaka Ottawa, mji mkuu, mwendo wa kama maili 100.

Uamuzi ulivyotoka

Tarehe 30 Julai 1981 Kamati ilitoa uamuzi. Ilisema haiwezi kuhukumu habari ya kufutwa jina mwaka 1970, kwa kuwa Mkataba haukuwa umeanza kuifunga Kanada. Lakini kosa lingine lilikuwa linaendelea. Kifungu cha 27 chawapa watu wa makabila madogo haki ya kuishi katika mila na lugha yao pamoja na wenzao. Na watu wa Sandra hawakuwa na mahali pengine ila Tobique. Kwa hiyo kumzuia kuishi pale ni kuvunja haki yake.

Kamati hiyo haina askari wala jela. Nguvu yake ni kusema kweli mbele ya mataifa, na serikali kuona haya. Mwaka 1985 Kanada ilibadili sheria, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 100,000 waliandikwa daftarini. Mwaka 2005 Sandra aliteuliwa kuwa mjumbe wa Seneti ya Kanada.

Hata hivyo sheria mpya iliacha ufa: wajukuu wa mwanamke aliyefutwa bado hawakuwa sawa na wajukuu wa kaka yake. Mama mwingine, Sharon McIvor wa British Columbia, aliishika kesi hiyo tangu mwaka 1989, akafika mbele ya Kamati ile ile, nayo ikampa haki mwaka 2018. Sheria ilirekebishwa tena mwaka 2019. Hesabuni wenyewe miaka, tangu 1973 mpaka 2019.

Tujifunze nini?

Kwanza, anayedai haki kwa utaratibu si mkorofi. Pili, desturi yaweza kulinda jamaa nzima na papo hapo ikamwumiza mmoja wao. Yatupasa kuuliza ni nani anayelipa. Tatu, tusingoje mpaka shauri la nyumbani lifike ng'ambo. Binti anaporudi kwao na watoto wake, ndoa ikiwa imevunjika, neno la kwanza analoambiwa na kaka zake ni lipi?

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini Musa hakuwajibu wale mabinti kwa akili yake mwenyewe?
2. Wakuu waliompinga Sandra walikuwa na hofu gani? Wangeweza kuilinda ardhi kwa njia gani nyingine?
3. Katika ukoo wako, binti aliyeachika hupewa wapi pa kulima? Na akifa, huzikwa wapi?