SOMO LETU: MITI INAYOKINGANA NA UPEPO

Ndugu wafanyakazi, leo tunajifunza habari za msitu wa mbali, katika milima ya Rocky, huko Marekani na Kanada. Mti wake unaitwa firi, jamaa ya msonobari. Katika jimbo la Montana unakua hata juu ya mita 2,000, penye theluji miezi mingi.

Huko juu miti haisongamani. Inasimama vikundi vikundi, na katikati ni majani na vichaka vifupi. Mara nyingi unaotangulia ni msonobari wa gome jeupe. Ndege wa jamaa ya kunguru huzika mbegu zake ardhini ziwe akiba; asizozirudia huota. Msonobari ukikua unazuia upepo, na firi unaota nyuma yake. Kisha theluji inalaza matawi ya chini ya firi mpaka yanagusa udongo, yanatoa mizizi, yanakuwa miti. Sisi tuliozoea vipandikizi vya chai hatushangai sana.

Lakini msonobari huo unakufa. Ugonjwa wa ukungu uliingia Vancouver mwaka 1910, ndani ya miche iliyonunuliwa Ulaya. Ukungu huo hauruki kutoka msonobari mmoja hadi mwingine. Lazima upitie kwanza mmea wa aina nyingine. Hata hivyo umeenea sana. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliuandika msonobari huo katika orodha ya mimea iliyo hatarini. Firi bado upo, ila penye upepo mkali, asipokuwapo wa kutangulia, ni vigumu uanze.