SOMO: MEZA YA BWANA NA MACHOZI YA WAFIWA

Masomo: Luka 24:13-35; 1 Wakorintho 11:23-29; 1 Wathesalonike 4:13-18



Mara nyingi mtu aliyefiwa anaikwepa meza ya Bwana. Anasema: "Moyo wangu ni mzito, nitashiriki kilio kikiisha." Tujifunze leo ya kuwa meza hiyo ni yake pia.

1. Meza ilitandikwa usiku wa huzuni. Yesu aliumega mkate usiku ule aliotolewa. Waliokaa naye walikuwa karibu kufiwa. Hakungoja wafurahi kwanza.

2. Wafiwa wa Emau. Wanafunzi wawili walitembea na huzuni yao. Yesu aliwauliza habari zao, akawasikiliza, kisha akawafungulia Maandiko. Mwisho wakamtambua katika kuumega mkate, nao wakarudi saa ile ile kwa wenzao. Kusikilizwa, Neno, meza, ndugu: hiyo ndiyo njia ya faraja.

3. Kilio cha Kanisa letu. Papa Simon Kimbangu alikamatwa Septemba 1921, akafa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Masalio yake yalirudishwa Nkamba mwaka 1960. Basi kwa miaka mingi watu wa kwao walilia, na kaburi liko mbali. Wengi wa Kivu, Ituri na Kisangani wanajua kilio cha namna hiyo: tangu vita vya 1996, wako ndugu tusiojua walizikwa wapi.

Ushirika Mtakatifu wa kwanza wa Kanisa letu ulifanyika 6 Aprili 1971, miaka 50 tangu kazi ya Papa ianze. Mkate wetu ni wa viazi, mahindi na ndizi. Kinywaji ni asali na maji. Mfiwa anaonja asali, na machozi yangali usoni. Paulo hakukataza kulia; alikataza kulia kama watu wasio na tumaini. Asiye na kaburi la kuliendea anayo meza ya kuijia, na Bwana wa meza anajua kila mtu wake amelala wapi.

4. Tufanye nini?
- Tumtembelee mfiwa kabla ya siku ya Ushirika, tumsikilize kuliko kumhubiri.
- Siku ile asikae peke yake.
- Watu wa matanga wakiisha kutawanyika, sisi turudi. Tuulize kama watoto wamekula, kama wanasoma.
- Jamaa wanaomnyang'anya mjane nyumba na vyombo wajipime kwanza. Hawezi mtu kuushika mwili wa Bwana kwa mkono ulioshika mali ya mayatima.

Maswali ya kujadiliana
a) Katika parokia yetu, ni nani aliyefiwa mwaka huu na hatujamwona tena kanisani?
b) Nani atakwenda kwake juma hili?

Bwana awafariji wote wanaolia. Amina.