Dondoo Muhimu: Kijana Aliyeingiwa na Huzuni Isiyokwisha

Ikiwa kijana wako amepitisha majuma mawili au zaidi hana raha, usingizi umemruka au kutwa amelala, chakula hakimshuki, na hata mpira alioupenda haumvuti tena, usifanye haraka kumhukumu kwamba imani yake imepungua. Yamkini ni sonona, nayo ni maradhi yanayowapata wacha Mungu kama yanavyowapata wengine.

Muombee dua, umsomee kisomo iwapo mwenyewe ameridhia, lakini usimlazimishe, wala usimfungishe saumu mtu ambaye tayari hali chakula (kosa hili nimeliona katika nyumba za watu wazima wenye akili zao). Keti naye faraghani, umsikilize zaidi ya kumnasihi.

Ukihofu kwamba afikiria kujiua, muulize waziwazi, kwani swali hilo halimtii wazo kichwani, bali humpunguzia mzigo. Akikiri, usimwache peke yake, ondosha karibu naye dawa na sumu, umpeleke hospitali siku ile ile. Kwa maradhi ya akili, Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu, Dodoma ipo ya Mirembe.

Tabibu akimwandikia dawa za sonona, ujue kwamba huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonekana athari yake. Tafadhali, asiziache bila ya shauri la tabibu.