Mila zetu zikiandikwa, huishia wapi?

Watafiti hufika Nemba na vijiji vingine vya Biharamulo na Ngara, huuliza wazee, huandika, huondoka. Mtaalamu wa anthropolojia anajibu maswali kuhusu taasisi zinazolinganisha tamaduni za binadamu.

Taasisi hizo ziko wapi?
Inayojulikana zaidi ni Human Relations Area Files ya New Haven, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1949 na vyuo vikuu vitano. Imo ndani ya Chuo Kikuu cha Yale, ila inajitegemea kifedha. Hukusanya maandishi kuhusu jamii za dunia nzima. Waganda, Wamasai na Wachaga wamo.

Huyapangaje?
Aya kwa aya, na kila mada ina namba. Tuseme mtafiti ameandika kwamba wakwe walipelekewa pombe ya ndizi siku ya posa. Aya hiyo hupewa 273, namba ya pombe, na 583, ya namna ya kuoana. Anayechunguza mahari hutafuta namba, si kabila.

Huku kwetu kazi hii ya kulinganisha imewahi kufanyika?
Ndiyo. Makerere ilipata taasisi ya utafiti wa jamii mwaka 1948. Audrey Richards, aliyeiongoza, alihariri kitabu cha 1960 kilicholinganisha watawala wa Uganda na Tanganyika, Wahaya wakiwamo.

Kulinganisha kuna mtego gani?
Mwaka 1888 jijini London, mwanaanthropolojia Edward Tylor alilinganisha desturi za ndoa za mamia ya jamii. Mwanasayansi Francis Galton akauliza: utajuaje kama hazikuigana, au hazitoki shina moja? Swali hilo linatugusa. Bugufi, ambayo leo imo Ngara, ilikuwa chini ya mwami wa Burundi kabla ya mipaka ya wakoloni. Kuwahesabu Wahangaza wa huko na Warundi kama ushahidi wa pande mbili ni kumhoji shahidi mmoja mara mbili.

Wenyeji tufanye nini?
Mtafiti akija, mwombeni awaonyeshe kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Aandike kijiji, mwaka na aina ya msemaji: mzee au kijana, mwanamke au mwanamume. Biharamulo wanaishi Wasubi, Wahangaza, Wasukuma na Wahaya. Desturi ya ukoo mmoja isiandikwe kuwa ya wilaya nzima. Kisha awasomee alichoandika kabla hajaondoka, na nakala ibaki shuleni. Aya yenye kosa ikishapewa namba, kila anayelinganisha atalibeba kosa hilo, na mwenye mila hatakuwapo kumsahihisha.