Eoniamu Imelala, Haijafa

Mdogo wangu, weka hilo jagi chini kwanza.

Najua ulichokiona. Mmea ulioununua ukiwa umetandaza majani yake pande zote sasa umejikunja. Majani ya nje yamegeuka manjano, ukiyagusa yanadondoka. Shada limejifunga mpaka limebaki dogo kama ua la waridi ambalo halijachanua. Ukadhani una kiu, ukaumwagilia asubuhi, jioni ukaongeza. Sasa shina linabonyea na unaniuliza ulikosea wapi.

Nimeanzia hapo kwa sababu eoniamu nyingi hufia hapo hapo, mikononi mwa watu wanaozipenda.

Kwa asiyeijua, eoniamu ni mmea wa majani manene yanayohifadhi maji. Shina lake hurefuka na kutoa matawi mpaka mmea ukawa kichaka cha mita moja, wakati mwingine zaidi, na kwenye ncha ya kila tawi kuna shada la majani yaliyopangana duara. Ziko za kijani, ziko zenye mistari ya rangi ya krimu, na iko ile inayogombaniwa vitaluni, Zwartkop, yenye majani ya zambarau iliyokolea hadi unaweza kuapa kwamba ni meusi.

Hizi zinazouzwa mijini nyingi asili yake ni Visiwa vya Kanari, sehemu ya Hispania katika Atlantiki, ng'ambo ya pwani ya Moroko. Ni visiwa vilivyozaliwa na volkano, na huko mmea huu huota hata kwenye nyufa za miamba. Mvua ya kule huja miezi ya baridi, wakati wa joto ni ukame mtupu. Ndiyo maana eoniamu hukua kukiwa na ubaridi, na joto likizidi hulala. Hudondosha majani ya nje na kuyakumbatisha ya ndani ili isipoteze maji. Ikiwa imelala, mizizi hunywa kidogo sana. Maji unayomimina hubaki kwenye udongo, mizizi inaoza, na wewe juu unaona majani yananyauka, unaongeza mengine.

Kwa hiyo kabla ya kumwagilia, bonyeza shina kwa kidole gumba karibu na udongo. Likiwa gumu, mmea wako ni mzima, umepumzika tu. Upe maji kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, uusogeze mahali penye kivuli cha mchana, kisha uuache. Likibonyea, usisubiri hata kesho: kata juu ya pale palipolegea, uendelee kukata kidogo kidogo mpaka uone nyama ya ndani ni safi, haina doa la kahawia. Kipande cha juu kikiwa na shada lake bado kinaweza kuokoka, na nitakwambia namna ya kukipanda.

Ukikaa Limuru, Nairobi, Arusha, Lushoto, Iringa au Mbeya, uko mahali pazuri. Tena mimea hii ina ndugu yake huku kwetu: Aeonium leucoblepharum huota porini katika nyanda za juu za Ethiopia, Kenya na Uganda. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, utaiona eoniamu yako ikifunguka na kung'aa. Hapo ndipo pa kumwagilia vizuri, maji yatoke chini ya chungu, kisha usubiri udongo wa juu ukauke. Kinachonitia wasiwasi ni masika. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, ingiza chungu chini ya upenu, na uondoe ile sahani inayokusanya maji.

Wa Dar es Salaam, Mombasa na Tanga, nawapenda ndiyo maana nawaambia ukweli: msiinunue. Pwani hata usiku ni joto, nayo eoniamu inahitaji ubaridi ili ikue. Tafuteni waridi la jangwani, lile lenye shina nene na maua ya waridi, linalolipenda jua lenu. Lakini utomvu wake ni sumu, mliweke mbali na watoto.

Udongo. Ule mweusi uliokuja na mmea kwenye kiriba mara nyingi hukamata maji mno. Mimi huchanganya udongo wa bustani na mboji kidogo, halafu karibu nusu nzima ni mchanga wa mto wa chembe kubwa na vipande vya lile jiwe jepesi lenye vitundu tunalosugulia visigino. Samadi mbichi hapana. Chungu cha udongo kilichotobolewa chini ni bora kuliko cha plastiki, kwa sababu kinapumua, na uzito wake unausaidia mmea wenye kichwa kizito usianguke upepo ukivuma.

Rangi ya Zwartkop inatokana na jua. Ukiifungia sebuleni itageuka kijani na shingo itarefuka ikitafuta mwanga. Iweke barazani ipate jua la asubuhi.

Ukiona sisimizi wanapanda shina, fungua majani ya katikati taratibu uangalie. Ukikuta vitu vyeupe kama pamba, hao ni vidung'ata. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti uwaguse mmoja mmoja, jioni, jua likiwa limezama. Rudia wiki inayofuata, kwa maana mayai yatakuwa yamebaki.

Sasa kupanda kipande. Jani peke yake ni nadra kuota, usipoteze muda nalo. Kata tawi lenye shada, shina lake liwe na sentimita 10 hadi 15, kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Lilaze kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke na kujifunga, kisha lichomeke kwenye udongo mkavu, ungoje siku chache ndipo umwagilie. Fanya hivyo miezi ya ubaridi. Usitupe kisiki kilichobaki, mara nyingi hutoa vichwa viwili, vitatu pembeni ya ulipokata.

La mwisho ni maua, maana watu huniletea kilio hiki na ninakielewa. Siku moja shada huanza kuinuka katikati, likawa mnara wa maua madogo ya manjano, mamia kwa mamia. Linapendeza sana. Yakiisha, shada lile linakufa, na hakuna mbolea wala maji ya kulirudisha. Hata ukiyakata maua mapema, kwa kawaida huliokoi. Wewe furahia, piga picha, kisha likikauka likate hadi kwenye tawi lililo hai. Matawi mengine ambayo hayajatoa maua yataendelea.

Kwa hiyo ukienda kitaluni, acha ile ya kichwa kimoja kikubwa hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Chukua yenye vichwa vitatu au zaidi na shina gumu, hata ukiongezwa bei, kwa sababu ile ya kichwa kimoja ikitoa maua utabaki na chungu.