Msimu wa Joto na Wanyama Wanaohitaji Matunzo: Funzo Kutoka Kituo cha Mbega

Mvua za vuli zikishakatika na upepo wa kaskazi ukashika, mwambao wa Kwale huingia katika miezi yake ya joto kali, kuanzia Desemba hadi Machi. Ni miezi hiyo hiyo ambapo maembe na korosho hukomaa katika mashamba ya Tiwi, Waa na Golini, na ndipo hoteli za Diani hujaa wageni. Joto, matunda na wageni: kila kimoja kina njia yake ya kumfikisha mnyama kwa daktari.

Ukavu hupunguza maji na majani mabichi, hivyo tumbili na kima husogea karibu na nyumba, mapipa ya maji na majaa ya taka. Embe likianza kuiva, mkulima hulinda jasho lake kwa manati, kwa mbwa, na wengine kwa mtego wa waya. Kidonda kinachopatikana wakati huu hakisubiri, kwa sababu nzi ni wengi na mabuu huingia haraka. Magari nayo huongezeka. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, msafiri anaweza kufika Kwale bila kungoja feri ya Likoni. Hilo ni jema kwa biashara, lakini mnyama anayevuka barabara hakuongezewa macho.

Kituo kinachotibu jamii ya nyani katika pwani ya kusini kiko Diani na kinaitwa Colobus Conservation. Kilianzishwa mwaka wa 1997 kikijulikana kama Wakuluzu, jina linalotokana na kuluzu, yaani mbega kwa Kidigo. Walioanzisha kazi hiyo walikuwa wameshtushwa na idadi ya mbega waliokuwa wakigongwa na magari kwenye barabara ya ufuo. Leo kinapokea mbega, tumbili, kima, nyani na komba waliogongwa, waliopigwa na umeme, waliong'atwa na mbwa au walionaswa mitegoni, pamoja na watoto waliofiwa na mama zao.

Mkaazi wa Matuga asione kuwa hili ni jambo la watu wa Diani peke yao. Mbega wanaoishi kwenye miti ya Diani ni wa aina ile ile ya mbega wa Shimba Hills. Ni mbega wa Angola, mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, na makao yake makuu hapa Kenya ni misitu ya Kwale. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kwa mnyama wa namna hiyo, majike wachache wanaokufa barabarani kila msimu si hasara ndogo.

Msimu ukifika na wagonjwa wakaongezeka, mawazo ya wengi hukimbilia kwenye kuongeza vizimba. Lakini nafasi ya kituo cha wanyama hupimwa kwa siku zaidi ya kupimwa kwa vizimba, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua mfano wa kufundishia tu, ambao si takwimu za kituo chochote: kituo kina vizimba 12. Kila mgonjwa akikaa siku 10, kizimba kimoja huhudumia wagonjwa 3 kwa mwezi, na kituo kizima wagonjwa 36. Kila mgonjwa akikaa siku 30, kituo hicho hicho huhudumia 12 tu. Vizimba ni vile vile na madaktari ni wale wale, lakini theluthi mbili ya wagonjwa wamekosa pa kulala.

Sasa weka ndani ya hesabu hiyo mtoto mmoja wa tumbili atakayekaa miaka 3. Kizimba chake, kwa muda huo, kingeweza kupokea wagonjwa 108 wa siku kumi kumi. Kwa kweli watoto hulelewa pamoja na wenzao, hivyo mambo hayafiki ukali huo. Lakini maziwa, usiku wa kuamka na mikono ya wahudumu haviwezi kugawanywa namna hiyo.

Kwa nini mtoto achukue muda mrefu hivyo? Tumbili mchanga hashibi kwa maziwa peke yake. Anahitaji kifua cha kushikilia usiku na mchana, kisha kundi la kumfundisha lipi ni jani la kula, yupi ni mkubwa wa kuheshimiwa, na sauti ipi inamaanisha nyoka au mwewe. Akilelewa na binadamu peke yake hujifunza ubinadamu: hupanda mabegani, hunyakua chakula, na akibaleghe huanza kuuma. Mnyama huyo hawezi kufunguliwa mlango tu aende zake. Lazima kwanza aunganishwe na wenzake, kundi likomae, kisha liachiliwe pamoja mahali palipochunguzwa. Kazi hiyo huchukua miaka.

Mbega mchanga ni mgumu zaidi. Huzaliwa mweupe mwili mzima na hubadilika rangi katika miezi yake ya kwanza. Tumbo la mbega lina vyumba vingi na hutegemea vijidudu vya kumeng'enya majani, kwa hivyo kumlea kwa chupa bila mama mara nyingi hushindikana hata mikononi mwa wataalamu.

Hapo ndipo mkaazi mmoja mwenye huruma anaweza kujaza kizimba bila kujua. Mfano wake ni huu. Kundi la tumbili limefukuzwa kutoka mwembeni na mbwa. Mtoto ameanguka, anapiga kelele chini ya mti, na mama amejificha jirani akingoja watu waondoke. Watu hawaondoki. Kijana anamwokota, anamfunga kamba kiunoni, anampa ndizi na maziwa ya ng'ombe, na baada ya wiki mbili mtoto akianza kuharisha ndipo kituo kinapigiwa simu. Siku ile ya kwanza, dawa ingekuwa kuwafunga mbwa, kurudi nyuma hatua hamsini na kutazama kwa mbali. Mama akiwa hai, mara nyingi hushuka kumchukua mwanawe. Baada ya wiki mbili kundi limeshahama, na mtoto aliyekuwa na mama amegeuzwa yatima. Huruma ilikuwapo, kilichokosekana ni subira ya saa moja au mbili.

Isitoshe, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Anayempata mnyama mwenye jeraha la wazi, au mtoto aliyekaa peke yake saa nyingi kando ya mzoga wa mama yake, aliarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo lina maafisa Shimba Hills, au kituo cha Diani chenyewe. Wakati wa kungoja, mnyama afunikwe kwa leso nzito, awekwe ndani ya boksi lenye matundu, kivulini, mahali pasipo kelele. Asilazimishwe kunywa, maana maji yakiingia mapafuni humaliza kile ambacho gari halikumaliza. Asishikwe kwa mikono mitupu. Aliyeumwa au kuparuzwa, iwe na tumbili au na mbwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kundi la pili la wagonjwa wanaokaa muda mrefu ni waliopigwa na umeme. Jeraha la umeme hudanganya. Siku ya kwanza huonekana doa dogo mkononi, na mnyama anaweza hata kutembea. Baada ya siku kadhaa nyama ya ndani, ambayo umeme uliipitia, huanza kufa, na daktari hulazimika kukata kidole, mkono au mkia. Anayepona huenda akabaki kizimbani wiki nyingi. Kati ya jamii zote za nyani wa Diani, mbega ndio wanaopatwa zaidi na ajali hii, kwa sababu hupenda kukaa juu na huufanya waya kuwa tawi. Kituo kimekuwa kikikata matawi yanayokaribia nyaya na kushirikiana na kampuni ya umeme kuzifunika nyaya mahali palipo hatari.

Hapa ndipo namna kituo kinavyoumudu msimu inapoonekana. Chumba cha matibabu kipo na kinahitajika, lakini sehemu kubwa ya nafuu hupatikana nje ya geti. Apitaye barabara ya ufuo wa Diani akiinua macho ataona ngazi zinazoning'inia juu ya lami, kutoka mti wa upande mmoja hadi wa pili. Ziko zaidi ya 20. Mbega hana kidole gumba cha maana, na ardhini hana raha, hivyo akipata njia ya juu huitumia. Kima na tumbili nao wameizoea. Ngazi hailipwi mshahara wala hailali, na kila mama anayevuka juu yake akiwa na mtoto kifuani ni wagonjwa wawili ambao hawakufika kizimbani, mmoja wao akiwa yule wa miaka mitatu.

Somo hilo lina kazi kwa Matuga. Kuanzia Ng'ombeni hadi Tiwi, na kwenye barabara inayopanda kutoka Kombani kwenda Kwale na Shimba Hills, kuna mahali ambapo miti mikubwa bado imesimama pande zote mbili. Anayekata mti mmoja wa kando ya barabara ili kupanua kibanda chake anaweza kuwa amekata daraja la kundi zima la nyani, na kuanzia siku hiyo watavuka kwa miguu mbele ya matatu. Dereva wa bodaboda anayepita hapo kila siku anapajua mahali hapo kuliko ofisi yoyote. Habari hiyo ikifika kwa mzee wa mtaa au ofisi ya wadi, ni mwanzo wa kutosha.

Kuhusu kulisha, wageni ndio hulaumiwa zaidi, lakini si wao peke yao. Mkate, biskuti na ndizi za mezani humfundisha tumbili kwamba binadamu ni jaa. Akizoea huingia jikoni, akiingia jikoni hupigwa, akipigwa huletwa kituoni. Kwa mbega hatari ni ya tumbo lenyewe: chakula cha sukari huchachuka humo na kinaweza kumuua. Pipa la taka lenye kifuniko kinachofungwa huokoa wanyama wengi kuliko mkono unaorusha ganda la embe. Shambani, maembe yaliyoanguka yakiokotwa kila asubuhi, tumbili hupungukiwa na sababu ya kushuka chini walipo mbwa.

Jambo moja huchanganya wengi. Kituo cha mbega si zahanati ya paka, mbwa na ng'ombe. Wanyamapori wako chini ya KWS, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Kwa upande wa kaunti, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Mwenye mbuzi aliyezidiwa na joto au mbwa mwenye kidonda amwone afisa wa mifugo wa kaunti katika wadi yake. Kila mmoja akienda anakostahili, foleni ya msimu hupungua pande zote mbili.

Kwa mnyama wa nyumbani aliyezidiwa na joto, dalili ni kuhema sana, mate mazito, kuyumba na ufizi mwekundu sana. Ahamishiwe kivulini mara moja, amwagiwe maji ya kawaida mwilini, hasa tumboni na miguuni, apepewe, na awekewe maji karibu anywe mwenyewe. Mbwa asifungwe kwa mnyororo juani, na punda asipakiwe mzigo saa za mchana. Mbwa wakichanjwa kichaa kila mwaka na kufungwa ndani usiku, hawajeruhi komba wala tumbili, na hapo tena kizimba kimoja kinabaki wazi.

Kwa wenye miti iliyogusana na nyaya, wakati wa kukagua ni baada ya kila msimu wa mvua, kwani matawi hurefuka haraka katika miezi hiyo. Mwenye boma asipande kukata mwenyewe. Aiarifu Kenya Power, aeleze nambari iliyoandikwa kwenye nguzo ya umeme iliyo karibu, na wakati wa kukata aombe yaondolewe matawi ya upande wa nyaya pekee, yale ya upande wa pili yaachwe ili mbega wabaki na pa kupita.