Dondoo muhimu: Mtoto anapokula hotelini

Mwenye uamuzi juu ya sahani ya mtoto ni wewe mzazi, si mhudumu wala picha za ukutani. Taja kinywaji chake mapema, kabla soda haijafika mezani: kola ya mililita 300 ina takribani gramu 32 za sukari, karibu vijiko 8 vya chai. Huko California, tangu 2019 sheria inataka mlo wa watoto uambatane na maji au maziwa, lakini mzazi akiomba soda hupewa. Naiunga mkono, maana haikumnyang'anya mzazi kauli.

Chipsi kuku? Omba kachumbari, chumvi kidogo.

Kama karanga humdhuru, muulize mpishi mwenyewe mchuzi una nini. Shangazi yake aking'ang'ania aiskrimu, jibu kwa upole: "Leo hapana, wifi."